Kufika Angani: Wasanii Wenye Ulemavu, Usanifu wa Vyombo vya Anga na Mzizi -fik- wa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanahakiki kazi za wasanii wenye ulemavu ambao, kwa njia ya usanifu, wameliingiza suala la ufikivu katika mjadala wa safari za anga. Kazi zinazochunguzwa ni sanamu za wanaanga za Yinka Shonibare, onesho la chini ya maji la Sue Austin, na safari ya majaribio ya mradi wa AstroAccess ya mwaka 2021, ambayo mmoja wa washiriki wake alikuwa mwanamuziki Viktoria Modesta. Inadaiwa kwamba kazi hizi hufaulu pale zinapouhamisha upungufu kutoka katika mwili wa mtu na kuuweka katika chombo, na hudhoofika pale zinaporudi kumwonesha mtu mmoja aliyeshinda. Dai hilo linajengwa kwa uchambuzi wa maumbo yanayotokana na mzizi -fik-, ambayo yanaupa uhakiki wa Kiswahili nyenzo ambayo bado haujaitumia ipasavyo.

1.0 Utangulizi

Tarehe 17 Oktoba 2021 ndege iliruka kutoka Long Beach, California, ikiwa na watu 12 wenye ulemavu wa aina mbalimbali: wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa viungo. Haikwenda anga za mbali. Ilipanda na kushuka kwa mkondo wa upinde, na kila ilipokaribia kilele waliokuwamo walielea kwa sekunde ishirini na kitu, kama wanavyoelea wanaanga. Waandalizi, mradi uitwao AstroAccess, waliwaita watu hao mabalozi, na hawakuwapandisha ili watalii. Walitakiwa kujaribu suti zilizorekebishwa, taa za kuashiria mabadiliko ya uvutano kwa wasiosikia matangazo, na sauti za kuelekeza pamoja na michoro ya kugusika kwa wasioona. Miongoni mwao alikuwamo Sheri Wells-Jensen, mwanaisimu asiyeona, na Viktoria Modesta, mwanamuziki ambaye alikatwa mguu mmoja chini ya goti kwa uamuzi wake mwenyewe.

Nilipotaka kuwasimulia wanafunzi wangu wa umahiri habari hii kwa Kiswahili, nilikwama katika sentensi ya kwanza. Je, watu hawa walifikishwa angani? Walifika? Au ni anga iliyofikika? Kila umbo lilikuwa na nadharia yake kuhusu ulemavu, na sikuwa nimechagua nadharia yoyote. Nilikuwa natafuta kitenzi tu.

Uhakiki wetu umezoea kumtafuta mtu mwenye ulemavu ndani ya hadithi. Tukimpata tunauliza kama anachekwa, anahurumiwa, au anatumiwa kuwa ishara ya laana au ya hekima. Maswali hayo si mabaya, lakini yote yanamchukulia kuwa mhusika. Hayatusaidii pale mtu huyo anapokuwa ndiye msanii, na kazi yake inapokuwa suti, kiti, sanamu au taa badala ya hadithi. Hapo linahitajika swali jingine: kazi hii inauweka upungufu wapi? Makala haya yanajaribu kulijibu, na yanaanzia katika lugha kwa sababu ndiko nilikokwamia.

2.0 Kufikwa, Kufika, Kufikika

Methali isemayo mcheka kilema hafi bila kumfika inajulikana kwa wengi. Tunapoifundisha huishia katika onyo lake la kimaadili, na sarufi yake hatuigusi. Tuitazame. Nomino kilema humu si mtu, ni hali. Hali hiyo ndiyo inayosafiri, na mtu ndiye kituo inakoishia. Kiswahili kimeliweka wazo hili hata katika kauli ya kutendwa: mtu hufikwa na msiba, hufikwa na maradhi, hufikwa na mauti. Hatufikwi na harusi. Kwa hiyo, katika tabaka hili la lugha, mzizi -fik- unapokutana na ulemavu, mwenye mwendo ni ulemavu, na mtu ni mhanga aliyesimama.

Upatanisho wa kisarufi unaonesha kuwa lugha yenyewe inatenganisha mambo mawili ambayo jamii hupenda kuyachanganya. Kilema kimempata ni sentensi kuhusu hali. Kilema amefika ni sentensi kuhusu mtu. Nomino ni moja, upatanisho ni tofauti. Wapo wanaodai kwamba kiambishi ki- katika kipofu, kiziwi, kiwete na kilema kinamshusha mtu hadhi na kumfanya kitu. Hoja hiyo inavutia lakini ina haraka. Kiongozi, kijana na kinyozi wamo katika umbo hilohilo na hakuna anayeona wametukanwa. Isitoshe, wenyewe wamegawanyika: viziwi wa Tanzania wamelibakiza neno hilo katika jina la chama chao, Chama cha Viziwi Tanzania, ilhali wenzao wamechagua wasioona badala ya vipofu. Tusiipe mofolojia lawama isiyo yake. Udhalilishaji unakaa zaidi katika namna sentensi inavyompanga mtendaji na kitendwa kuliko katika kiambishi cha nomino.

Tazama sasa sentensi mbili: mtu huyu hawezi kufika mlangoni, na mlango huu haufikiki. Zinaeleza tukio moja. Ya kwanza inamtaja mtu na kuuweka upungufu wote kwake. Mlango umebaki kuwa mahali tu, hauna kosa. Ya pili haimtaji mtu kabisa. Kauli ya kutendeka, kwa kawaida yake ya kumwacha mtenda nje, imeuhamisha upungufu na kuuweka katika mlango. Kinachoitwa na wanaharakati mtazamo wa kijamii wa ulemavu, ambao katika lugha nyingine umehitaji vitabu kuelezwa, katika Kiswahili unabebwa na kiambishi -ik-.

Neno fikivu ni gumu zaidi, na linastahili kukaliwa kidogo. Limeundwa kama tulia lilivyozaa -tulivu, vumilia -vumilivu na sikia -sikivu. Lakini maneno hayo matatu yanamsifu mtenda: mtoto msikivu ndiye asikiaye, si yule anayesikika. Kwa kufuata mkondo huo, mfikivu angekuwa mtu anayefikia, wala si mahali panapofikiwa. Matumizi yameamua vinginevyo. Tunasema jengo fikivu na huduma fikivu, tukikusudia jengo na huduma zinazofikika. Nimewahi kumsikia mhariri akilikataa neno hili kwa sababu hiyo na kupendekeza ufikikaji. Kimofolojia alikuwa na haki. Hata hivyo, nalipenda neno lenyewe kwa utata wake: linamkumbuka anayefikia hata linapokisifu kinachofikiwa. Na lina ndugu wa karibu. Kiambishi -vu kilichounda -fikivu ndicho kilichounda -lemavu kutokana na lemaa. Sifa moja tumempa mtu, nyingine tumeipa nyumba.

Kuna mshindani wa neno hili, naye ni rafiki. Redioni na katika ripoti za miradi tunasikia miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu. Neno ni tamu, na hapo ndipo penye shida. Rafiki huja kwa hiari yake na huweza kuondoka kwa hiari yake. Ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, mkataba ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, haizungumzii urafiki. Inazungumzia wajibu.

3.0 Watu Kumi na Mmoja wa Gallaudet

Kabla ya kuzitazama kazi za sanaa ni lazima turudi nyuma, kwa kuwa AstroAccess haikuwa mara ya kwanza kwa watu wenye ulemavu kuitwa na wataalamu wa anga. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, shule ya tiba ya anga ya jeshi la majini la Marekani, kwa kushirikiana na NASA, iliwachukua wanaume viziwi 11 kutoka Chuo cha Gallaudet kilichopo Washington. Kumi kati yao walipoteza usikivu kutokana na homa ya uti wa mgongo, na ugonjwa huo ulikuwa umeharibu pia sehemu ya sikio la ndani inayosimamia mizani ya mwili. Hawakuweza kuchafukwa na roho kwa sababu ya mwendo. Kwa taasisi iliyotaka kujua mwili wa binadamu utafanya nini pasipo uvutano, watu hawa walikuwa hazina.

Walizungushwa. Katika jaribio mojawapo baadhi yao waliishi siku 12 ndani ya chumba kinachozunguka bila kusimama, mara kumi kwa dakika. Katika jaribio jingine walipelekwa baharini karibu na Nova Scotia wakati wa dhoruba. Watafiti wenyewe waliugua hata jaribio likabidi lisitishwe, huku viziwi wakiendelea kucheza karata. Tukio hili husimuliwa kwa kicheko, na linastahili kicheko. Lakini tukiliangalia kwa jicho la mhakiki, linaonesha jambo ambalo halikuwafikia waliolishuhudia: katika chombo kile, siku ile, waliokuwa na upungufu walikuwa wenye masikio mazima. Chombo kilikuwa kimebadilisha orodha ya walemavu.

Na bado hakuna aliyesema kwamba kama ni hivyo, basi hawa ndio wapelekwe. Watu 11 wa Gallaudet walitoa data, data ikawafaa wengine, nao wakarudi katika kazi zao. Neno letu chombo linafaa hapa kwa maana zake zote. Jahazi ni chombo, roketi ni chombo, na kifaa cha kupimia ni chombo. Watu hawa waliingizwa katika chombo wakiwa vyombo. Walichokijua kuhusu kuishi bila mizani ya sikio, yaani namna macho, nyayo na misuli inavyojifunza kufanya kazi hiyo, kilipimwa kutoka nje. Hakikuombwa kama ujuzi wa kusanifu. Ilipofika mwaka 2017 ndipo Chuo Kikuu cha Gallaudet kilipoandaa maonesho kuhusu historia hii, na viziwi wakaisimulia wao wenyewe.

Hicho ndicho kipimo nitakachokitumia katika sehemu zinazofuata. Je, mtu mwenye ulemavu yumo katika kazi kama abiria, kama kipimo, au kama msanifu?

4.0 Mwanaanga wa Kitenge

Yinka Shonibare alizaliwa London mwaka 1962 na kukulia Lagos. Katika ujana wake, akiwa ndiyo kwanza ameanza masomo ya sanaa, ugonjwa wa uti wa mgongo ulimpoozesha na kumwachia ulemavu wa upande mmoja wa mwili. Kazi zake nyingi hutekelezwa na kundi la mafundi chini ya mchoro na maelekezo yake. Natanguliza jambo hili kwa sababu baadhi ya wahakiki hulitaja kama udhuru, na mimi naliona kama mbinu. Msanii ambaye hawezi kuificha mikono ya wengine katika kazi yake analijua jambo ambalo kila chombo cha anga kinalithibitisha: hakuna anayefika huko kwa mikono yake miwili.

Wanaanga wameonekana katika kazi zake kwa muda mrefu. Vacation ya mwaka 2000 ni familia ya wanaanga. Space Walk ya mwaka 2002 ni wanaanga wawili wanaoning'inia hewani. Kuanzia mwaka 2015 akaja Refugee Astronaut, yaani Mwanaanga Mkimbizi, ambaye nakala yake mojawapo imewekwa katika ukumbi wa Being Human wa Wellcome Collection, London, uliofunguliwa mwaka 2019. Mwanaanga huyu ana kofia ya anga na amebeba mgongoni wavu uliojaa vyombo vya maisha ya kawaida. Suti yake imeshonwa kwa kitambaa ambacho Afrika Mashariki tunakiita kitenge.

Historia ya kitambaa hicho inajulikana. Waholanzi waliiga batiki ya Java kwa mashine, na soko likapatikana Afrika Magharibi. Shonibare amekuwa akikinunua katika soko la Brixton, London. Kinachoitwa cha Kiafrika kimepitia Java na Uholanzi, na hiyo ni hoja yake ya muda mrefu kuhusu utambulisho. Mtazamaji wa Kiswahili atakuwa na usumbufu wake wa ziada: macho yaliyozoea kanga yatatafuta jina la nguo, yaani maandishi, na hayatayakuta. Kitenge hakisemi. Kinavaliwa tu.

Nionavyo mimi, nguvu ya kazi hii iko katika kosa la wazi la usanifu. Suti ya pamba haizuii hewa. Mwanaanga huyu akitoka nje ya chombo atakufa upesi. Shonibare anajua hilo na mtazamaji anajua hilo, na kwa muda mfupi macho yanahama kutoka kwa mtu na kuitazama suti kama kitu kilichokatwa na kushonwa na mtu fulani kwa ajili ya mtu fulani. Suti halisi za anga zina tabia hiyohiyo, ila huifunika kwa weupe. Mnamo Machi 2019 NASA ililazimika kubadilisha mpango wa wanawake wawili, Anne McClain na Christina Koch, kutoka nje ya kituo cha anga pamoja, kwa sababu hapakuwa na viwiliwili viwili vya suti vya kipimo cha kati vilivyokuwa tayari. Wanawake hao hawakuwa na ulemavu wowote. Suti ndiyo iliyokuwa na ulemavu, na ilichukua hadi Oktoba mwaka huo kabla ya wanawake wawili kutoka pamoja. Ukiitazama sanamu ya Shonibare baada ya tukio hilo, utaelewa kwamba kitenge hakikuwekwa pale kwa ajili ya urembo.

Itapingwa kwamba kazi hii inahusu ukimbizi na mazingira, si ufikivu. Ni kweli, na Shonibare mwenyewe ameielezea kwa kumtaja mtu anayetafuta mahali panapokalika. Lakini ukimbizi na ufikivu vinakutana katika wavu ule mgongoni. Mwanaanga wa kawaida hubeba bendera na mtungi wa hewa, na nyumba yake inamsubiri. Huyu amebeba nyumba, kwa sababu hakuna chombo kilichosanifiwa kikimngojea.

Niliwaonesha wanafunzi picha ya sanamu hii ukutani na kuanza kueleza rangi. Mwanafunzi mmoja asiyeona aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, huo mzigo umeegemea wapi, mabegani au kiunoni?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeieleza sanamu kwa dakika kumi kama kitambaa kilichotandazwa, bila uzito. Ilinibidi nirudi kwenye picha na kuitazama upya kwa swali lake, na ndipo nilipoona kwamba sanamu yote imepangwa kuuzunguka mzigo ule. Nalitaja tukio hili kwa kuwa lina thamani ya kihakiki. Swali lake lilitoka katika mazoea ya kuuliza vitu vimeshikwaje, na ndilo swali ambalo mtazamaji anayetegemea macho hulisahau.

5.0 Kiti Majini, Mguu Jukwaani, Suti Ndegeni

Sue Austin ni msanii wa Uingereza anayetumia kiti cha magurudumu. Amesimulia kwamba kiti hicho kilimfungulia dunia upya, lakini watu walipokiona walifikiria hofu, huruma na vizuizi. Katika onesho lake Creating the Spectacle! la mwaka 2012, lililokuwa sehemu ya shughuli za sanaa zilizoandamana na Michezo ya Olimpiki na Paralimpiki ya London, alizama na kiti chake akiwa na vifaa vya kupigia mbizi. Kiti kilikuwa kimefungwa mapezi na mitambo ya kukisukuma, naye akapaa nacho katikati ya matumbawe na samaki. Picha zake zinajulikana kuliko hoja yake.

Hoja yenyewe haikukusudiwa kuwa ya anga, lakini inafika huko kwa njia iliyonyooka. Wanaanga hufanyia mazoezi ya kutoka nje ya chombo ndani ya maji. Bwawa la NASA huko Houston lina kina cha takriban mita 12, na ndani yake wanashushwa wakiwa wamevaa suti. Maji ndiyo mahali pa karibu zaidi na anga ambapo mwili unaweza kupelekwa kwa saa nyingi. Austin alichofanya ni kuingia katika mahali hapo na kifaa ambacho nchi kavu kilimfanya aonekane amefungwa, na kifaa kile hakikuwa tena badala ya miguu. Majini miguu haihitaji badala. Kiti kikawa chombo, kwa maana ya mabaharia. Hapa upungufu haujahamishwa tu. Umekosa mahali pa kukaa. Ngazi ziko wapi baharini?

Kwa Modesta nina mashaka zaidi. Video yake ya Prototype ya mwaka 2014, yenye mguu bandia mweusi uliochongoka kama mwiba, ni kazi ya kisanii iliyokamilika, na kabla ya hapo alikuwa amekwishatumbuiza katika sherehe za kufunga Paralimpiki za London mwaka 2012. Mguu wake ni pambo na ni silaha, hauombi radhi. Lakini Prototype imejengwa juu ya mtu mmoja wa ajabu anayetazamwa. Wengine wote ni watazamaji au waigaji. Umashuhuri wa namna hiyo huuvunja unyonge wa mtu mmoja na kuviacha vyombo kama vilivyokuwa. Naona safari ya 2021 ilimpa kitu ambacho jukwaa halikumpa: ndani ya ndege ile alikuwa mmoja wa 12, na swali halikuwa anaonekanaje bali anajishikiza wapi uvutano unaporudi.

Hilo ndilo linalonifanya niihesabu safari ya AstroAccess kuwa kazi ya usanifu wa kisanii, hata kama waandalizi wake wengi ni wahandisi na wanasayansi. Wanaisimu wenzangu watanikumbusha kwamba sanaa na usanifu, pamoja na kufanana kwake kwa sauti, vimetoka katika mizizi miwili tofauti ya Kiarabu. Nakubali. Katika ndege ile vilikutana. Mtu aliyepooza miguu alihitaji kurudi kitini kabla uvutano haujarudi, na suti ilipaswa kurekebishwa ili miguu hiyo isielee ovyo na ili apate pa kuishika. Taa ya kumwarifu kiziwi kwamba uvutano unarudi humwarifu pia anayesikia ambaye kelele za injini zimemzidi. Wells-Jensen alikwishaandika mwaka 2018 kwamba taa zikizimika ndani ya chombo, mwanaanga asiyeona hana alichopoteza. Moto ulizuka katika kituo cha Mir mnamo Februari 1997 na moshi ukajaa. Wakati kama huo wote waliomo ni wasioona, tofauti ni kwamba mmoja wao angekuwa na uzoefu.

Linganisha sasa na Gallaudet. Jaribio linafanana: miili iliyo tofauti, ndege inayopanda na kushuka, wataalamu wanaoandika. Tofauti ni kwamba swali limeulizwa na waliomo. Neno balozi, ambalo kwa kawaida lingenikera kwa harufu yake ya matangazo, hapa lina kazi. Balozi anatumwa aende na arudi na habari.

6.0 Pingamizi la Anasa

Pingamizi moja haliwezi kupuuzwa. Jengo ninalofundishia lina ghorofa tatu na halina lifti. Kwa mihula miwili mwanafunzi anayetumia kiti cha magurudumu alibebwa na wenzake hadi darasani, wakipumzika kila penye kona ya ngazi. Walimbeba kwa upendo, na nadhani ndiyo sababu hakuna aliyelalamika, mimi nikiwa wa kwanza. Jengo lile lilikuwa na marafiki wengi. Halikuwa fikivu. Katika mazingira hayo, kuhakiki suti za anga si anasa?

Nimelifikiria swali hili kuliko mengine yote, na jibu langu si la kujitetea. Mwenye jengo ana kisingizio cha kurithi: ngazi zilikuwapo, fedha hazipo, waliojenga wamekwishakufa. Msanifu wa chombo cha anga hana kisingizio hicho. Ndani ya chombo kile hakuna kilichorithiwa. Hata hewa imeamuliwa na mtu. Na kila mwili unaoingia humo una upungufu. Miguu ya mkimbiaji bingwa haina kazi, misuli na mifupa hudhoofika, na kila mwanaanga hujishikiza kwa vishikizo na mikanda ya miguu iliyowekwa na msanifu. Mahali ambapo kila mtu anategemea kishikizo, kumwambia mmoja kwamba yeye ndiye mlemavu ni uamuzi, na uamuzi una mwenyewe. Wasanii hawa wameuleta uamuzi huo mahali unapoweza kuonekana bila kisingizio. Mhakiki akishauona huko, akirudi katika jengo la ghorofa tatu hawezi tena kusema kwamba mwanafunzi hawezi kupanda.

Wala tusidhani kwamba kupanda juu kunatosha. Shaaban Robert alikwishatuwekea nchi angani katika Kusadikika (1951), na katika nchi ile wajumbe sita waliotumwa kutafuta maarifa walirudi wakafungwa. Nchi kuwa angani hakukuifanya iwe huru. Neno letu uhuru nalo limekwishafika angani: setilaiti ya Marekani iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, siku Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, ilipewa jina la Uhuru na ikawa ya kwanza kuundwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Neno lilipanda. Pwani iliyolitoa ilibaki na ngazi zake.

Limebaki suala la istilahi. Mnamo Novemba 2022 Shirika la Anga la Ulaya lilimchagua John McFall, daktari mpasuaji wa Uingereza aliyekatwa mguu na aliyewahi kushinda medali ya shaba katika Paralimpiki ya Beijing mwaka 2008. Wakati wa kuita maombi shirika lilikuwa limebuni jina la pekee kwa nafasi hiyo, kwa kuliambatisha neno la mwanaanga na kiambishi kilekile cha Paralimpiki. Mwaka 2025 alithibitishwa kiafya kwa safari ndefu ya kituo cha anga. Wafasiri wameniuliza tumwiteje. Mwanaanga mlemavu linarudisha hali katika mwili na kuitanguliza mbele ya kazi. Mwanaanga mwenye ulemavu ni la staha, na linafaa pale ulemavu unapokuwa mada. Paramwanaanga nililiona katika rasimu moja na nikalikata. Kiswahili kinamwita mwana wa anga kila aliyefunzwa kwenda huko, kama kinavyomwita mwanamaji kila aliyefunzwa bahari, bila kuuliza alipandaje chomboni. McFall amefunzwa. Katika tafsiri zinazopita mikononi mwangu ataandikwa mwanaanga, na kama chombo hakijawa tayari kumpokea, sentensi inayofuata itaanza na chombo.